Uzi: Huku Magharibi inaswaliwa kabla ya saa tisa mchana. Njooni tuongee kuhusu siku jua linapogeuza

Mbeba Boksi (mleta uzi)
Ijumaa, 19 Desemba 2025

Wakuu, habari za huko.

Juzi nilimpigia mama simu Tanga. Kwangu ilikuwa saa nane na nusu mchana, kwake saa kumi na nusu. Tukasalimiana, akaniuliza nimekula nini, akaanza kunipa habari za harusi ya mtoto wa jirani, na katikati ya harusi nikamkatiza: "Mama, nipe dakika ishirini hivi, Magharibi inaingia, nikimaliza kuswali nakupigia." Kimya. Nikadhani mtandao umekata. Kisha: "Baba, wewe unaumwa?"

Siumwi wakuu. Niko Stockholm, Sweden, mwaka wa nne huu, na wiki hii jua linachomoza saa 2:44 asubuhi na kuzama saa 8:48 mchana. Basi. Saa sita na dakika chache, mchana umekwisha. Adhuhuri inaingia kabla saa sita haijagonga, Alasiri iko mgongoni mwake, na ukizubaa kwenye mapumziko ya chakula kazini umezikosa zote mbili. Ila mwenye deni la Ramadhani huu ndio msimu wa kulilipa: daku saa kumi na mbili asubuhi, futari kabla ya saa tisa mchana. Shangazi yangu nilipomwambia alisema hiyo ni funga ya watoto.

Kilichonileta hapa hasa ni saa. Saa yetu Waswahili imefungwa kwenye jua. Saa moja asubuhi ni saa moja tangu kupambazuke, hatuanzi kuhesabu usiku wa manane kama wengine, kwa sababu kwetu jua halina ubabaishaji. Mtoto wa Tanga hafundishwi saa kumi na mbili jioni ni nini, anaiona. Sasa lete hesabu hiyo huku Desemba. Saa moja asubuhi giza totoro. Saa mbili giza. Saa tatu ndio mwanga unakuja kwa kujivuta, rangi ya maji yaliyooshewa mchele.

Mwaka wa kwanza nilikuwa nafanya usafi zamu ya alfajiri. Siku moja nikarudi, nikajitupa kitandani na nguo zangu. Nikaja kushtuka, simu inasema 4:30, nje kweusi. Nimechelewa! Zamu inaanza saa kumi na moja. Nikavaa buti bila soksi, mbio mpaka kituo cha basi. Pale kituoni nikakuta watoto watano sita wana mabegi mgongoni, mmoja anamenya ndizi, wanacheka. Nikawaza, hawa wazazi wao wamewatoa nje saa kumi alfajiri waende wapi na baridi hii? Basi likaja limejaa watu na mifuko ya manunuzi. Ndipo akili ikanirudi. Ilikuwa saa kumi na nusu jioni. Zamu yangu ilikuwa kesho yake.

Hebu fikirieni. Saa kumi na nusu ya alfajiri na ya jioni kwetu zina jina moja, na hatujawahi kuchanganya, kwa sababu jua ndilo linalomalizia sentensi. Likiondoka jua, saa ya Kiswahili inabaki nusu.

Sasa mambo yenyewe. Jumapili hii, tarehe 21, saa 12:03 jioni kwa saa za Afrika Mashariki, jua litafika mwisho wa safari yake ya kusini na kuanza kurudi kaskazini. Si siku nzima, ni nukta ya wakati, ileile kwa dunia yote. Vitabuni wanaiita solistisi, neno la Kilatini, maana yake jua kusimama. Jina limekaa vizuri, maana kwa siku kadhaa kabla na baada, pale jua linapochomoza hapasogei kwa jicho. Ni kama daladala iliyofika mwisho wa ruti: inapunguza, inasimama, inageuza.

Kwa nini linageuza? Chukua chungwa. Litoboe kwa kijiti cha mshikaki kutoka kwenye kikonyo mpaka chini, huo ndio mhimili wa dunia. Washa taa ya simu, isimamishe katikati ya meza. Laza kijiti kidogo, nyuzi 23.4 kama una kipimo, kisha lizungushe chungwa kuizunguka taa. Wengi wanakosea hapa, wanageuza kijiti pamoja na mkono. Usigeuze. Kama ncha yake inatazama mlangoni, itazame mlangoni safari nzima. Utaona upande mmoja wa meza kichwa cha chungwa kimeinamia taa, upande wa pili kimeipa kisogo. Hicho kisogo ndio Desemba yetu. Ukipanda juu mpaka Kiruna, kwenye mgodi wa chuma, jua halichomozi kabisa kwa wiki tatu hivi. Kunakuwa na mwanga wa samawati saa za mchana, kisha giza.

Nyie mlio kusini mwa ikweta, Jumapili ndiyo siku yenu ndefu kuliko zote. Dar mtapata mchana wa saa 12 na dakika 31. Juni mnashuka hadi saa 11 na dakika 43. Dakika 48 kwa mwaka mzima, ndiyo maana hakuna anayeshughulika nazo.

Tupieni mnayoyajua. Nitarudi na mambo ya huku, kuna mbuzi wa majani lazima niwasimulie.

Kiti cha Mbele

Nimeweka kiti. Mbuzi kwanza.

Mtu wa Kinondoni

Hii chai. Saa nane jua lizame, hao watu wanalala saa ngapi?

Mbeba Boksi

Wanalala saa nne tano usiku kama wewe. Maisha hayafuati jua, yanafuata ratiba ya treni. Watoto wanacheza mpira gizani chini ya taa, wamevaa vipande vinavyoakisi mwanga kwenye makoti ili madereva wawaone. Na madirishani, kuanzia mwisho wa Novemba, karibu kila nyumba ina nyota ya karatasi yenye taa ndani, au kinara cha taa saba kilichopangwa kama paa la nyumba. Ukipita barabarani usiku, yaani mchana, huwezi kujua nani anasali na nani hasali, taa ni zilezile.

Dokta wa Vijiweni

Mkuu, umezunguka na machungwa bure. Baridi inakuja kwa sababu dunia inakuwa mbali na jua. Mambo ya form one haya.

Mwalimu Chaki

Dokta, form one ipi hiyo? Dunia iko karibu zaidi na jua mwanzoni mwa Januari, kilomita milioni 147 hivi. Inakuwa mbali zaidi mwanzoni mwa Julai, kilomita milioni 152. Kwa hesabu yako Wazungu wangekuwa wanavaa kaptula Januari. Na ingekuwa ni umbali, kaskazini na kusini zingepata baridi pamoja, wakati Desemba ni kiangazi huko Cape Town na Sydney.

Kinacholeta baridi ni mambo mawili kwa mpigo. Jua linakaa angani muda mfupi, na hata likiwepo linalala chini, miale inakuja kwa ubavu. Tochi ukiimulika sakafuni kutoka juu unapata duara dogo lenye nguvu. Ilaze, mwanga uleule unatandazwa kwenye eneo kubwa na kufifia. Stockholm saa ya jua la juu kabisa Desemba, linafika nyuzi 7 tu juu ya upeo wa macho. Dar siku hiyohiyo ni nyuzi 73.

Na msitegemee tarehe 21 iwe siku ya baridi kali kuliko zote. Huko kaskazini baridi yenyewe inakuja Januari na Februari, kwa sababu bahari na ardhi vinapoa taratibu. Hata Dar, jua liko juu saa sita na dakika kadhaa, lakini joto linalokutoa ndani ya bati ni la saa nane tisa.

Kuhusu saa: 2024 ilikuwa saa 6:20 mchana, mwaka huu saa 12:03 jioni, 2026 itakuwa saa 5:50 usiku, na 2027 itaangukia saa 11:42 alfajiri ya tarehe 22. Inasogea kama saa sita kasoro kila mwaka, kwa sababu mwaka ni siku 365 na karibu robo. Februari ya siku 29 ndiyo inayoirudisha nyuma.

Nganya 44

Sisi wa Nairobi hatuna hiyo shida ya giza, lakini kuna kitu nimekuwa nikishangaa. Mwanzo wa Novemba nikitoka job saa kumi na mbili na dakika ishirini jua linazama. Katikati ya Februari, saa ileile, bado liko juu, linazama kama saa moja kasoro kumi. Nusu saa nzima! Na tunaambiwa ikweta mchana na usiku ni sawa mwaka mzima. Nani anaibia nani?

Mwalimu Chaki

Swali zuri kuliko yote humu. Urefu wa mchana Nairobi haubadiliki, ni saa 12 na dakika chache daima. Kinachohama ni mchana mzima, kuchomoza na kuzama kwa pamoja. Saa ya ukutani inatembea sawasawa, jua halitembei sawasawa. Dunia ikiwa karibu na jua inakimbia zaidi kwenye njia yake, na ule mlalo wa mhimili nao unaongeza uchokozi wake. Vikijumlishwa, jua la saa sita linawahi kwa dakika 16 mwanzoni mwa Novemba na kuchelewa kwa dakika 14 katikati ya Februari.

Ndiyo maana hata kwa Mbeba Boksi, siku fupi kuliko zote siyo siku jua linapowahi zaidi kuzama. Kuzama mapema kabisa kunatangulia kwa siku kadhaa, na kuchomoza kwa kuchelewa kabisa kunakuja siku kadhaa baadaye. Tarehe 21 ni mahali vinapokutana.

Mbeba Boksi

Mwalimu, asante, hiyo ya kuzama nilikuwa nimeiona kwenye ratiba ya swala nikadhani ni makosa ya uchapaji.

Haya, mambo ya huku. Tarehe 13 Desemba ni siku ya Lucia. Binti anatangulia amevaa kanzu nyeupe na mkanda mwekundu kiunoni, kichwani taji la mishumaa inayowaka (shuleni siku hizi ya betri, kwa usalama wa nywele), nyuma yake wenzake wanaimba, wameshika mishumaa. Wanaingia ukumbini taa zote zimezimwa. Mara ya kwanza nilialikwa kazini, nilikuwa nimeshika kikombe cha kahawa, na nakiri nywele zilinisimama.

Lucia mwenyewe si wa huku, ni shahidi wa Kikristo wa Siracusa, Sicilia, anayesemekana kuuawa mwaka 304. Kwa nini Wasweden walimkumbatia? Angalia kalenda. Ile ya zamani ya Julius Caesar ilikuwa inateleza kidogokidogo dhidi ya jua, na karne ya 14 usiku mrefu kuliko wote ulikuwa umesogea hadi tarehe 13 Desemba. Sweden walikuja kurekebisha mwaka 1753: walilala tarehe 17 Februari wakaamka tarehe 1 Machi. Jua likarudi kwenye tarehe 21, Lucia akabaki pale pale kwenye 13. Wazee wa zamani walikuwa wakisema usiku wa Lucia mifugo huongea, na kwamba si usiku wa kutembeatembea nje.

Siku hiyo wanakula mikate midogo ya zafarani iliyopindwa kama herufi S, zabibu kavu mbili kwenye mikunjo. Zafarani ileile ya biriani ya mama. Na mikate yao mingine mitamu ya kila siku wanatia iliki nyingi, ya kusagwa, mpaka unaiona kwa macho. Mara ya kwanza kuonja nilimaliza mitatu nimesimama, nikijiambia haya ni maandazi yamekuja Ulaya yakapata makaratasi.

Sasa mbuzi. Mji wa Gävle, kaskazini ya hapa, tangu 1966 wanajenga mbuzi mkubwa wa majani makavu, urefu wa mita 13, wanamsimamisha mjini. Mbuzi wa Krismasi ni mila ya zamani ya Sweden. Tatizo, yule wa kwanza alichomwa moto mkesha wa Mwaka Mpya, na tangu hapo wahuni wanashindana kumchoma. Wameweka uzio, kamera, walinzi, bado anaungua. 2001 Mmarekani mmoja mtalii alimtia kiberiti, akakaa ndani siku 18. Mwaka 2023 hakuchomwa. Majani yalibaki na nafaka, wakaja kunguru wadogo wakamla mgongo wote akiwa amesimama.

Kiti cha Mbele

Mbuzi kaliwa na kunguru. Nimeridhika, naweza kulala.

Nesi wa Zamu

Niko Ireland. Likizo moja nilienda Newgrange, kaskazini ya Dublin. Ni kilima cha mawe kilichojengwa na watu, miaka kama 3200 kabla ya Kristo, piramidi za Giza hazijawa hata wazo. Unaingia kwa njia ya mita 19, mwembamba, kuna mahali inabidi uingie kwa ubavu, mawe yamekushika mabega. Ndani kabisa kuna chumba, paa la mawe yaliyopandana bila tope na halivuji.

Juu ya mlango kuna kidirisha. Siku hizi za Desemba jua likichomoza, mwale unaingia kwenye kile kidirisha, unatambaa sakafuni mpaka chumbani, unakaa dakika 17, unaondoka. Profesa Michael O'Kelly aliyekuwa anachimba pale ndiye aliyeushuhudia, tarehe 21 Desemba 1967, akiwa amekaa mle gizani.

Nafasi za kuingia asubuhi yenyewe wanapiga bahati nasibu, watu maelfu wanaomba. Mimi nilienda mwezi wa nane. Mwongozaji anazima taa zote halafu anawasha balbu moja iliyowekwa kuiga jua. Najua ni balbu. Lakini ule mstari wa njano ulipoanza kuja taratibu kwenye udongo, kundi zima tulinyamaza, hata mtoto mmoja aliyekuwa analia. Nilichowaza: hawa watu hawakuwa na chuma wala maandishi, na miaka elfu tano baadaye dirisha lao bado linawahi zamu kuliko mimi.

Msafirishaji GZ

Guangzhou huku siku hiyo inaitwa Dongzhi, na wenyeji wana msemo kwamba ni kubwa kuliko Mwaka Mpya. Mimi nilijifunza kwa hasara. Mwaka mmoja nilikuwa nafukuzia kontena, nikamwambia jamaa wa stoo tufunge mzigo jioni hiyo. Saa tisa akafunga mlango, akaniambia leo mama anapika. Hakuna mazungumzo. Wanakula pamoja, na watu wa kusini wanapika vidonge vya unga wa mchele unaonata, vya duara, kwenye maji matamu ya tangawizi. Kaskazini ya China wanakula zile zenye umbo la sambusa ndogo, za kuchemsha.

Mwalimu Chaki

Na Wachina ndio waliolipima jambo hili kwa ukali. Guo Shoujing, karne ya 13, alitumia mnara na mstari mrefu wa mawe chini, akapima kivuli cha saa sita mchana. Kivuli kikiwa kirefu kuliko vyote, hiyo ndiyo siku. Kalenda aliyoisimamia, ya mwaka 1281, ina mwaka wa siku 365.2425. Papa Gregory alikuja na hesabu hiyohiyo mwaka 1582.

Binti Makunduchi

Naomba niwarudishe baharini kidogo, maana mnaongea kana kwamba sisi pwani hatukuliona jua.

Wairani wana usiku wa Yalda, usiku huuhuu mrefu. Wanakesha familia nzima, wanakula komamanga na matikiti maji na njugu, wanasoma mashairi ya Hafez. UNESCO waliuorodhesha 2022 kwa Iran na Afghanistan. Sisi hatukupokea Yalda, tulipokea kalenda yao ya jua. Nairuzi tunayoijua, Siku ya Mwaka, Mwaka Kogwa wa hapa kwetu Makunduchi, jina lake ni Nowruz ya Waajemi. Manahodha wa zamani walikuwa wanahesabu kuanzia Nairuzi kwa miongo, kumi kumi, wajue siku ya kutweka na siku ya kufunga chombo. Kalenda ya mwezi haiwezi kukusaidia kwa upepo, inazunguka misimu yote. Kwa kuwa mwaka huo una siku 365 kamili, bila ile ya nyongeza, unateleza siku moja kila miaka minne. Ndiyo maana Wairani wanasherehekea Machi na sisi tunachapana mashina ya migomba na kuchoma kibanda cha makuti mwezi wa Julai.

Na kaskazi je? Bara la Asia linapopewa kisogo na jua, linapoa, hewa yake inakuwa nzito, inasukumwa kuja huku lilipo jua. Huo ndio upepo uliokuwa ukileta majahazi ya Oman na Bara Hindi kuanzia Desemba, wakisubiri kusi iwarudishe. Usiku mrefu wa kaskazini sisi hatukuuona kwa macho, ulitufikia ukiwa upepo, umebeba tende na mazulia.

Mmanga wa Muskat

Dada umenena. Hapa Muskat karibu na ninapokaa kuna duka la Muirani, wiki hii komamanga zimepangwa mpaka mlangoni. Nilimuuliza bei, akanipa moja bure, akasema ni za Jumapili.

Viazi Mviringo

Njombe hapa. Mnaita Desemba majira ya baridi, sisi Desemba tunapanda viazi. Kipupwe chetu ni Juni na Julai, kule Makete asubuhi majani yanakuwa meupe kwa barafu, na ukiacha ndoo ya maji nje unaikuta na kioo juu. Kwa hiyo siku jua linapogeuza kwetu sisi ni tarehe 21 Juni.

Mwalimu Chaki

Sahihi kabisa. Peru, mjini Cusco, sikukuu ya jua ya Wainka inafanywa tarehe 24 Juni. Na watu wa vituo vya utafiti Antaktika wanafanya karamu Juni, katikati ya usiku wao wa miezi.

Mzee wa Kanisa

Nimesoma kimya. Naona mnakaribia kusema Krismasi ni ya wapagani, nawahi mapema.

Mwalimu Chaki

Mzee wangu, shikamoo. Hakuna anayekwenda huko mbio. Kwenye kalenda ya Caesar, mgeuko wa jua uliwekwa tarehe 25 Desemba. Kaisari Aurelian aliinua ibada ya Jua Lisiloshindwa mwaka 274. Na hati moja ya Rumi ya mwaka 354 inazo sikukuu zote mbili kwenye tarehe hiyo, ya Jua na ya kuzaliwa Kristo. Ila kuna Wakristo wa mwanzo walioshika tarehe 25 Machi kuwa ya kutungwa mimba, na ukihesabu miezi tisa unafika hapohapo bila kumuuliza Aurelian. Wanazuoni bado wanabishana, sisi tusigombane.

Mzee wa Kanisa

Marahaba. Hapo sawa.

Mbeba Boksi

Wakuu, wazo. Jumapili kila mmoja asimamishe fimbo ya mita moja, wima, mahali tambarare. Jua likiwa juu kabisa apime kivuli na aseme kinaelekea wapi. Saa zenu: Dar 6:21, Nairobi 6:31, Njombe 6:39. Mmanga, wewe 6:04 kwa saa za Muskat. Tuone.

Mtu wa Kinondoni
Jumapili, 21 Desemba

Nilisema ni chai lakini nimepima, na mti wa ufagio. Sentimita 30. Kinaelekea kaskazini! Miaka yote najua jua la saa sita linakuwa utosini.

Mwalimu Chaki

Utosini Dar ni mara mbili tu kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba. Leo limekupita upande wa kusini. Juni kivuli kitaelekea kusini, na kitakuwa kirefu zaidi, sentimita 58.

Nganya 44

Nairobi 41, kaskazini. Watchman ameniuliza kama ni mambo ya ploti.

Viazi Mviringo

Njombe 25. Mawingu yalikuwa yanakuja na kuondoka, nimepima harakaharaka.

Mmanga wa Muskat

Sentimita 107. Kivuli kimeizidi fimbo!

Kiti cha Mbele

Mleta uzi umetutuma kazi halafu umenyamaza. Chako kiko wapi?

Mbeba Boksi
Jumatatu, 22 Desemba

Nisameheni wakuu. Jana nilitoka na fimbo uwanjani kwenye magorofa yetu, nikasahau jua la nyuzi saba halivuki hata ghorofa nne. Ua wote uko kivulini tangu Novemba. Nimesimama pale na fimbo yangu kama mchunga ng'ombe aliyepotea mifugo, jirani ananitazama dirishani.

Leo nimekwenda kiwanja cha mpira, upande wa kusini kuna ziwa, hakuna jengo. Kwa hesabu tofauti ya jana na leo haionekani, ndio huko kusimama kwenyewe. Saa sita kasoro robo jua likachungulia chini ya wingu, jekundu kidogo, unaweza kulitazama. Nikasimamisha fimbo. Kivuli kikaenda, kikaenda, kikavuka mstari wa eneo la penati, kikaishia kwenye buti za mzee mmoja aliyekuwa anatembeza mbwa. Nikamwomba asimame hapohapo, nikavuta futi kamba: mita 7 na sentimita 90. Akauliza napima nini. Nilipomweleza akaangalia chini kwenye buti zake, akasema, "Basi kesho kitakuwa kifupi," akaendelea na mbwa wake.

Mzee amesema kweli, ingawa kesho ni sekunde chache tu. Machi itakuwa zaidi ya dakika tano kila siku.

Picha ya kivuli nimemtumia mama. Amejibu kwa sauti, sekunde nane: "Nimeona. Na hapo ni saa ngapi, asubuhi au jioni?"